Muulize Anti Mkunga: Hii ni MP au mimba imejishikiza?

Jamani kabla hatujaanza, picha za pedi msinitumie. Juzi nimefungua simu niko ndani ya daladala nimebanwa na mzee mmoja wa heshima zake, meseji ya kwanza kabisa ni pedi, imejaa skrini nzima. Nikazima simu nikajifanya nimesinzia. Na hata kama ningeiangalia mpaka macho yaume pedi yenyewe haiwezi kuniambia una mimba au huna, ngoja tufike huko. Zaidi ya nusu ya meseji za safari hii zinauliza habari ya matone ya damu kwahiyo nimeamua tuzimalize kwa pamoja.

SWALI: Anti shikamoo. Naishi Mbagala nina miaka 27, nimeolewa huu mwaka wa pili na mimba bado. MP yangu ya mwisho ilianza tarehe 3 mwezi wa tatu, huwa nakaa siku 29 ikizidi sana 30. Sasa tarehe 27 asubuhi nimeenda chooni najifuta nikaona kitu cha pinki, mchana kikawa kahawia kama chai ya rangi, kesho yake vitone viwili vitatu kikakata. Pedi haikujaa hata robo. Tumbo linavuta kwa chini lakini sio sana. Saluni wananiambia hongera hiyo ndo damu ya mimba kujishikiza, mama mkwe anasema ni chango ninywe mzizi, nimepima mkojo tarehe 28 mstari mmoja nikalia. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa kulia ila umelilia kipimo ulichokipima kabla ya wakati wake.

Chukua kalenda tuhesabu. Hedhi inayofuata ulikuwa unaitegemea tarehe 1 mwezi wa nne. Yai linatoka kama siku 14 kabla ya hedhi IJAYO, sio siku 14 baada ya iliyopita, hapo ndo wengi wanapotea maana mwenye mzunguko wa siku 28 inamwangukia sawa kote kote lakini mwenye siku 35 yai lake linatoka karibu na siku ya 21 na yeye keshajiambia siku za hatari zimepita zamani. Kwako wewe yai lilitoka tarehe 18 hivi, weka siku moja mbili huku na huku. Likikutana na mbegu kwenye mrija halishuki siku hiyohiyo, linateremka taratibu siku kadhaa huku linajigawa, likifika kwenye mji wa mimba linatafuta pa kushika halafu linajichimbia kwenye ukuta ambao saa hizo umeshanenepa na umejaa vijishipa vya damu. Kujichimbia huko kunatokea siku ya 6 mpaka ya 12 tangu yai litoke, wengi wao ni siku ya 8, 9 au 10. Kwa tarehe zako hiyo ni kati ya 24 na 30, na pale katikati penyewe ni 26 mpaka 28. Wewe umeona tone tarehe 27.

Hesabu imekaa, sikufichi. Lakini sijasema una mimba, tusije tukaelewana vibaya ukaenda kumwambia baba watoto Anti kasema.

Sijasema kwa sababu hedhi nayo inaweza kukuchungulia siku nne tano kabla ya wakati wake, homoni zikishuka mapema ukuta unaanza kuachia kidogo kidogo unaona rangi, ikakata, halafu ikaja yenyewe. Na kitu kingine ambacho watu wa saluni hawakukuambia, wengi sana wanaoshika mimba hawaoni tone lolote. Kuna utafiti wa Marekani ulichapishwa 2003, walifuatilia wanawake 151 walioshika mimba ambao walikuwa wanaandika kila siku kama wameona damu au hawakuona, walioona katika wiki 8 za mwanzo walikuwa 14 tu, na damu yenyewe mara chache iliangukia ile siku mimba inajishikiza, ilikuwa inawajia zaidi karibu na siku ambazo mtu angetegemea hedhi. Yaani hata hili jina la damu ya kujishikiza tunalitumia kwa mazoea, ukiniuliza kwa uhakika kila tone linatoka wapi sitakujibu. Kwahiyo wewe unayesoma hapa uko kwenye siku za kusubiri na hujaona kitu, tulia, hujakosa dalili.

Sasa tofauti. Mtaani wanaangalia rangi, pinki na kahawia ni mimba, nyekundu ni hedhi. Rangi inadanganya. Kahawia ni damu iliyokaa kabla ya kutoka basi, mwanzo wa hedhi inaweza kuwa kahawia na mwisho wake ni kahawia, kila mwanamke anajua ile siku ya mwisho ilivyo. Mimi nawaambia waangalie damu inaelekea wapi. Hedhi inapanda. Inaanza na alama, masaa machache au kesho yake inakuwa nyekundu, pedi inajaa unabadilisha, wengine na mabonge, tumbo linakaza kweli kweli mpaka kiuno, na inakaa siku 3 mpaka 7 ndo inaanza kushuka. Tone la mimba halipandi, linabaki pale pale ni la kujifutia tu, pantilaina inatosha, mabonge hamna, tumbo likivuta linavuta kama la mtu anayekaribia siku zake, siku moja mbili likizidi sana tatu limekata. Hilo lako halijapanda. Hiyo ni alama ya pili kwa upande wako baada ya tarehe.

Lakini alama ni alama, anayejibu ni kipimo. Mimba haitoi ile homoni inayosomwa na kipimo mpaka ijishikize, halafu inaanza na kidogo sana, mwanzoni huku inaongezeka karibu mara mbili kila baada ya siku mbili mpaka tatu. Ukipima siku uliyoona tone homoni bado haijafika kiwango cha kusomeka kwenye mkojo. Ndo maana ya ule mstari wako mmoja, hauna maana huna mimba, una maana umegonga mlango mwenye nyumba hajafika. Subiri tarehe 1 ipite bila hedhi, pima tarehe 2 au 3, mkojo wa kwanza wa asubuhi kabla hujanywa maji. Ukitoka mmoja tena na hedhi bado, rudia baada ya wiki. Kama huwezi kusubiri roho inakutoka, kipimo cha damu hospitali kinaona mapema kidogo kuliko cha mkojo ila ni hela zaidi na jibu litakuwa lile lile.

Kuhusu mama mkwe, mheshimu, mwambie mama nimesikia, mzizi usinywe. Kama mimba ipo hatujui huo mzizi una nini ndani, na nimekaa wodi ya wazazi miaka ya kutosha kuona dawa za kienyeji zilivyoleta uchungu usiokuwa na mpangilio. Tumbo likivuta kunywa panadol, diklofenaki na brufeni ziache kwanza. Na kwa kuwa unatafuta mtoto anza foliki asidi leo hii, mikrogramu 400 kila siku, usisubiri mistari miwili, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya wiki 4 tangu mimba itungwe, wakati huo wengi hata hawajajijua, na hapo ndo wanapotokea wale watoto wa mgongo wazi.

La mwisho kwako, umesema mwaka wa pili. Kama mmekuwa mkikutana bila kinga mwaka mzima na hedhi safari hii ikija, nendeni mkacheki, na nimesema NENDENI, wewe na mumeo. Mbegu zake zipimwe siku hiyohiyo unayopimwa wewe, sio wewe uzungushwe mirija na homoni mwaka mwingine ndo yeye akumbukwe.

SWALI: Dada mkunga naomba unitunzie siri. Niko Tunduma mume wangu ni dereva wa malori ya Kongo. Alirudi nyumbani tarehe 5 mwezi wa tano. Tarehe 24 nikaona damu siku mbili ndogondogo nikajua ni hedhi yangu imekuja kidogo. Mwezi wa sita sikuona, tarehe 20 nikaenda utrasaundi wakasema wiki 7 na siku 4. Mume wangu kahesabu kwa vidole akapata mwisho wa mwezi wa nne, wakati huo yeye alikuwa Lubumbashi. Hataki kuongea na mimi. Naapa kwa Mungu sijawahi.

JIBU: Mdogo wangu, soma hii halafu mpe naye asome, kama hataki kuongea kusoma atasoma.

Wiki za mimba hospitali hazihesabiwi kuanzia siku mliyolala pamoja. Zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siku ambayo mimba yenyewe haipo na yai bado halijatoka. Ni utaratibu wa zamani dunia nzima kwa sababu wanawake wengi siku ya hedhi wanaikumbuka, siku yai limetoka nani anaijua. Kwahiyo kwenye kila karatasi ya utrasaundi kuna wiki mbili za mwanzo ambazo ni hewa. Mashine nayo haina macho ya kuona mlikutana lini, inapima urefu wa mtoto halafu inasoma kwenye jedwali ambalo wiki hizo mbili zimo tayari.

Sasa toa. Wiki 7 na siku 4 ni siku 53. Toa 14 zinabaki 39. Rudi nyuma siku 39 kutoka tarehe 20 mwezi wa sita unafika tarehe 12 mwezi wa tano. Shemeji alikuwa nyumbani wiki nzima. Hata ukisema utrasaundi ya mapema inaweza kukosea siku tano mpaka wiki, bado yupo nyumbani.

Na ile damu ya tarehe 24, ukihesabu kutoka 12 ni siku ya 12, ndo zile siku zenyewe nilizomwambia wa Mbagala, na hedhi yako nayo ilikuwa inakaribia. Wewe ukaiita hedhi. Hapo ndo palipoharibika maana ulipomwambia mumeo niliona siku zangu tarehe 24, kwa maneno yako mwenyewe mimba ilitakiwa haijafika hata wiki 4, karatasi inasema 7 na nusu, mwanaume anaona umemdanganya mara mbili. Hukudanganya, ulihesabu kwa damu ambayo haikuwa hedhi.

Hili naliongeza kwa wote kwa sababu linatugharimu sana kliniki. Ukifika kuandikisha kadi nesi anauliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho lini, mama anataja lile tone. Siku ya kujifungua inapatikana kwa kuongeza siku 7 na kurudisha miezi 3, kwahiyo tarehe ya mwanzo ikikosewa kadi nzima imekosewa. Huyu mdogo wetu angeandika tarehe 24 mwezi wa tano angetegemewa mwisho wa mwezi wa pili, wakati mtoto wake ni wa mwanzoni mwa mwezi huo, karibu wiki nne zimepotea. Uchungu unaanza kwa wakati wake wanasema ni njiti, au kinyume chake mtoto amepitiliza hakuna anayejua maana kadi inasema bado. Ukiulizwa sema yote mawili, nesi hedhi ya kawaida kama ninayoijua mimi ilikuwa tarehe fulani halafu tarehe fulani nikaona kidogo. Yeye achague. Na utrasaundi ya kuhesabia wiki ipigwe mapema, miezi mitatu ya mwanzo, baadae watoto wanatofautiana miili inakuwa kubahatisha.

Kama shemeji hata baada ya hesabu hii bado anataka DNA, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali wanapima, kwa utaratibu wa kisheria sio kwa kuingia tu kama unaenda kununua soda. Atasubiri mtoto azaliwe. Ila aanze kwanza na hii kalenda ni bure.

SWALI: Asalaam aleikum Anti. Mi wa Tanga. Nimeona matone mchana wa Ramadhani na siku zangu bado siku tano. Nifungue au nifunge?

JIBU: Waaleikum salaam mwaya. Upande wa mwili nimeshaeleza huko juu, angalia kama inapanda na siku zako zikipita bila hedhi pima. Upande wa saumu mimi ni mkunga sio ukhti wa madrasa, nenda kwake umweleze saa ilipoanza na saa ilipokata, usione haya ndo kazi yake. Atakuuliza hivyo kwa sababu kwa madhehebu ya Imamu Shafi ambayo wengi wetu pwani tunaifuata hedhi haipungui mchana mmoja na usiku wake, isiyofika hapo hukumu yake ni nyingine. Hata kwa kazi yangu mimi saa zinasaidia, tone la masaa manne na damu ya siku nzima sio kitu kimoja.

SWALI: Anti mambo. Nilimeza P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, siku mbili baada ya kukutana, wiki haijaisha natoka damu kidogo. Ina maana mimba ilishika nikaitoa?

JIBU: Hapana. P2 haitoi mimba, inachelewesha yai lisitoke. Ile homoni umeimeza nyingi kwa mkupuo ikiondoka mwilini ukuta unaachia kidogo, ndo hiyo. Hedhi yako inaweza kuja mapema au kuchelewa mpaka wiki. Ikizidi wiki pima. Na usihesabu hiyo damu kama uthibitisho kwamba P2 imefanya kazi, wiki tatu toka siku mliyokutana pima ndo ujue. Walioweka kijiti au wanaochoma sindano ya miezi mitatu nao matone yasiyo na mpangilio ni kitu cha kawaida kwao, miezi ya mwanzo hasa, ukikihusisha kila kitone na mimba utachanganyikiwa bure.

SWALI: Dada nina mistari miwili, natoka damu nyeusi nyeusi kidogo siku ya sita leo, maumivu upande wa kulia chini, na bega linauma sijui nimelalia vibaya. Kwenye grupu la wasapu wamesema ni kujishikiza tu itakata.

JIBU: Huyu sikumjibu kwa kuandika, nilimpigia saa ileile nikamwambia vaa twende. Naiweka hapa kwa ajili ya wengine wenye grupu kama hilo.

Mistari miwili, damu inaendelea, maumivu ya upande mmoja, hapo tunawaza mimba imeshika kwenye mrija. Mrija haukuumbwa kubeba mtoto, mimba ikikua unapasuka, damu inamwagikia ndani ya tumbo, nje unaona kidogo tu kwahiyo pedi inakuambia hamna kitu. Bega linauma kwa sababu damu iliyomwagika ndani inachokoza ule msuli mpana chini ya mapafu na mishipa yake inapeleka maumivu begani. Ukiongezea kizunguzungu, jasho la baridi, kutaka kuzimia, hiyo sio ya zahanati kesho asubuhi, ni hospitali yenye utrasaundi na chumba cha upasuaji usiku huohuo, na usiende peke yako. Ukishawahi kupata mimba ya mrija au maambukizi ya via vya uzazi usisubiri hata maumivu, ukipata mistari miwili nenda mapema wakaone imekaa wapi. Kama unajua kundi lako la damu ni negativu waambie mlangoni, kuna sindano ambayo kawaida inatolewa ndani ya saa 72.

Na damu inayojaza pedi mbili kwa saa masaa mawili mfululizo, au yenye harufu na homa, au inayotoka kila mkimaliza tendo la ndoa, hizo pia zitoeni kwenye habari za kujishikiza. Hiyo ya baada ya tendo nenda ukapimwe mlango wa kizazi, hata kama una miaka 30 na unajisikia mzima.

SWALI: Anti mimi ni mwanaume, Dodoma. Wife ameona hivyo vitone anaogopa kupima, anataka nisome mimi. Nasomaje?

JIBU: Safi sana baba. Nunua viwili sio kimoja, angalia tarehe ya kuisha kwenye pakiti. Mkojo aweke kwenye kikopo kikavu kisafi, lile kopo la juisi la mtoto hapana. Chovya mpaka kwenye alama usipitishe, laza mezani, weka simu dakika 5. Mstari mmoja juu kwenye C kipimo kinafanya kazi, hamna kitu. Miwili ipo. Wa pili ukiwa hafifu kama umechorwa kwa penseli bado ni mstari, rudieni baada ya siku mbili mtaona umekoza. C ikikosekana kipimo kibovu tupa ndo maana nimesema ununue viwili. Na usikiokote kwenye kapu la taka jioni ukakuta mstari ukamwamsha mtu, kikishapita dakika 10 kinaweza kujichora chenyewe.